Koti la Kijivu

Siku ya tatu tangu Jared Holcomb arudi, Keziah alikuwa bado hajaamini. Kila asubuhi aliteremka ngazi polepole, akachungulia jikoni kuhakikisha kwamba mtu yule yupo kweli. Na kila alipomwona ameketi na baba yake mbele ya moto, ndani ya lile koti la kijivu lisilo na pambo, moyo ulimruka kama wa msichana wa miaka kumi na sita. Naye alikuwa na ishirini na mitatu. Kule kisiwani, kijiji cha Westbury, mwanamke wa umri huo asiye na mchumba alishaanza kuitwa shangazi hata na watu wasiomhusu.

Miaka miwili nyuma Jared alikuwa mwalimu wa shule pale kijijini, kijana kutoka ng'ambo, Connecticut, mwenye mdomo mwepesi na viatu vilivyochoka. Alipokuja kuposa, Silvanus Titus hakumkataa kwa ajili ya viatu. Alimkataa kwa sababu wiki ile ile kijana alijiandikisha katika jeshi la waasi waliompinga Mfalme wa Uingereza na kupewa cheo cha luteni. Nyumba ile ilikuwa ya Kanisa la Marafiki, watu wa makoti ya kijivu, wasioshika silaha, wasioapa, wasiomvulia mtu kofia hata awe mfalme, na ambao neno lao likitoka limetoka.

"Binti yangu haolewi na upanga," mzee alisema, na mlango ukafungwa. Keziah alilia mpaka macho yakavimba. Kisha akanyamaza, kwa kuwa kitani kilikuwa kinangoja kusokotwa na hakuna mwingine wa kukisokota.

Sasa amerudi, tena kwa miguu, akiwa na kofia pana kichwani na kifurushi kimoja mkononi. "Nimeiweka silaha chini, Silvanus," alisema pale mlangoni. "Nimechoka kuua. Nipokee." Mzee alimtazama kwa muda mrefu, halafu akaufungua mlango wote.

Na hivyo nyumba moja ikawa na wageni wa aina mbili. Jikoni alilala Jared. Sebuleni, tangu Waingereza walipokitwaa kisiwa, alikaa Meja Rupert Lyndon wa jeshi la Mfalme pamoja na ramani zake, mbwa wake na kikohozi chake.

Siku hiyo ya tatu ilikuwa Jumamosi, na Keziah alikuwa uani akipika rojo la matufaha kwenye sufuria kubwa ya shaba. Rojo hilo halitaki mzaha. Linakorogwa kuanzia alfajiri mpaka jioni, na ukiliacha dakika mbili tu linashika chini na kazi yote inakuwa bure. Jared alikuja akamnyang'anya mwiko.

"Koroga mpaka chini," Keziah akasema. "Litaungua."

"Nimeshakoroga mambo mazito kuliko haya."

"Ndiyo, na ukayaunguza."

Jared akacheka. Alikuwa amekonda, na karibu na sikio la kushoto alikuwa na kovu ambalo Keziah hakulijua. Lilimtia wivu, kovu lile. Lilikuja wakati yeye hayupo, na mtu mwingine ndiye aliyelifunga kitambaa.

"Hamkuwa mnakula huko?"

"Tulikula. Kuna wiki tulichemsha mkanda tukaunywa mchuzi."

"Mkanda wa nani?"

"Wa sajenti. Alikuwa mnene, basi ulitutosha wote."

Keziah alicheka hadi akajifuta machozi kwa aproni. Alikuwa amesahau kwamba kifua chake kinaweza kutoa sauti ile. Alipomaliza alikuta Jared anamwangalia, na kucheka kumemwisha usoni.

"Baba anataka kutusema kesho," Keziah akasema kwa haraka, kabla aibu haijamshika. "Baada ya ibada. Atasimama mbele ya wote aseme kwamba mimi na wewe tuna nia. Jana alikuwa anajifanyia mazoezi zizini. Nilimsikia anamwambia ng'ombe."

"Ng'ombe amekubali?"

"Jared!"

"Nakuuliza tu. Mimi nilihangaika na baba yako mwaka mzima. Kumbe ningeanzia kwa ng'ombe."

Akaushika mkono wake. Keziah akauacha ushikwe, mkono wenyewe unanata sukari ya matufaha. Akainua uso amtazame machoni, amtazame ashibe, kwa sababu miaka miwili ni mingi na macho yale alikuwa ameyaota hadi akaanza kuyasahau rangi.

Macho hayakuwa kwake.

Yalikuwa yamepita juu ya bega lake, yakaenda mbali, na midomo ya Jared ilikuwa inacheza kidogo. Keziah alidhani anaomba. Moyo ukamlainika: mtu wake anaomba, amemshika mkono na anamwomba Mungu. Lakini Marafiki hawachezeshi midomo wakiomba. Wanakaa kimya, basi. Ndipo akaisikia nyuma yake, kule barabarani, milio ya magurudumu ya magari ya farasi ya jeshi la Mfalme yakishuka kuelekea ghuba, moja baada ya jingine.

Hakugeuka.

"Umefikia ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Magari. Umehesabu mangapi?"

Jared akauachia mkono wake. Angeweza kudanganya. Alikuwa na mdomo wa kudanganyia, na Keziah, Mungu amsamehe, alikuwa tayari kuamini. Lakini hakudanganya.

"Kumi na saba," akasema. "Nyasi kavu na unga. Wanajiandaa kuhama."

Keziah akauchukua mwiko akakoroga. Mikono lazima ifanye kitu.

"Kwa hiyo hujaacha."

"Hapana."

"Bado ni luteni."

"Kapteni."

"Hongera," Keziah akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa ukali. "Kapteni Holcomb. Na koti umelipata wapi?"

"Limenunuliwa. Kezi, nisikilize. Jenerali alituita maofisa kumi na wawili akaomba mmoja ajitolee. Wote waliangalia viatu vyao. Hii si kazi ya watu wenye heshima, kila mtu anajua. Ofisa akikamatwa na sare yake anawekwa kizuizini, akikamatwa na koti la mtu mwingine ananyongwa mchana huo huo. Sasa kama kila mtu anaangalia viatu, nani atakwenda?"

"Ukasema kuna msichana mjinga Westbury."

"Sikusema hivyo."

"Ukasema kuna nyumba ambayo meja analala sebuleni, na mwenye nyumba hana ndimi mbili, na binti yake atafurahi mno hata hatauliza."

Rojo lilikuwa linatoa mapovu mazito.

"Ulikuja kwa ajili ya meja au kwa ajili yangu?" Keziah akauliza. "Nijibu moja."

"Yote mawili."

"Nimesema moja."

"Sina moja! Waliponiambia ni Westbury nilifurahi kama mwendawazimu. Sikulala. Nilijua nakuja kukudanganya na bado nilifurahi. Ndio ukweli wangu, na ni mbaya, najua ni mbaya."

Keziah alitaka kumpiga na ule mwiko. Alitaka pia kumshika uso wake kwa mikono yote miwili. Mapenzi hayana adabu, hayakuachi hata pale ulipokwisha kuyafukuza. Alibaki amesimama, machozi yakimchuruzika puani, na hakufanya hili wala lile.

"Umemwambia baba yangu umeweka silaha chini," akasema. "Macho kwa macho. Baba yangu! Unajua maana ya neno katika nyumba hii? Aliniomba nimtandikie kitambaa cheupe mezani kwa sababu yako. Hakijatandikwa kitambaa hicho tangu mama azikwe."

"Leo jioni naondoka. Mashua inanisubiri maji yakijaa. Nikishavuka, mwambie kila kitu."

Hapo ndipo walipomsikia mbwa. Silvanus alikuwa anakuja kutoka upande wa ghala, kofia kichwani, na kando yake meja, uso mwekundu kwa upepo, na nyuma yao askari wawili wenye bunduki.

"Huyu hapa," meja akasema. "Rafiki mgeni. Watu wa pwani wanasema kuna mtu alishushwa na mashua Jumatano. Wewe ulifika lini, kijana?"

"Jumatano," akajibu Silvanus kabla Jared hajafungua mdomo. "Alitoka ng'ambo. Alikuwa ofisa wa waasi."

Keziah aliuona uso wa Jared ukibadilika na kuwa mweupe kama unga. Askari mmoja alishusha bunduki begani. Mzee yeye alisimama vile vile, ameshikilia ndoo ya matufaha, kana kwamba amesema habari za hali ya hewa.

"Ofisa wa waasi," meja akarudia polepole. "Na unaniambia leo?"

"Hukuniuliza jana, Rupert Lyndon."

"Meja Lyndon!"

"Jina lako ni Rupert Lyndon. Hayo mengine utaitwa na wanaokuogopa."

Meja akakohoa, akatema mate kando. Ilikuwa vita yao ya kila siku na kila siku alishindwa. "Silvanus Titus, wewe ni mtu wa ajabu. Nilikuuliza nguruwe wako umewaficha wapi, ukanipeleka mwenyewe ukanionyesha. Watu wangu bado wanacheka. Basi nakuuliza tena, na unijibu kama ulivyonijibu kuhusu nguruwe. Huyu ni mtu wa jenerali wao?"

"Alikuwa. Sasa si mtu wa jenerali yeyote. Ameiacha vita."

"Wengi wananiambia wameacha. Unaapa?"

"Siapi."

"Najua huapi. Nipe neno lako, linanitosha."

Silvanus akaiweka ndoo chini. Akamtazama Jared, kisha akamtazama Keziah, na katika yale macho makavu ya kizee Keziah aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona hata siku moja: mzee alikuwa anajivuna. Alikuwa amempoteza kijana akampata, na alitaka watu wajue.

"Neno langu ni hili," akasema. "Kijana huyu ameweka silaha chini, ni mwenzetu, na kesho nitalisema hilo mbele ya ibada."

Keziah alifungua mdomo.

Neno moja tu lingetosha. Lingemwokoa baba yake na uongo ambao hakujua kwamba anausema, na lingemtundika Jared mtini kwa kamba kabla ya jua kutua. Alimtazama Jared. Safari hii macho yalikuwa kwake, yote mawili, yakimwomba. Hayakuwahi kumtazama hivyo siku zote za mapenzi yao, na Keziah alichukia kwamba hata hapo aliyaona mazuri.

Akafumba mdomo. Hakuna aliyemuuliza.

"Yatosha," meja akasema. "Wanajeshi wao wangekuwa wanaacha namna hii kila wiki, mimi ningekuwa nyumbani." Akampigia mbwa mluzi, wakaenda zao. Silvanus akaokota ndoo yake akaingia ndani akivuta pua, kwa furaha au kwa baridi.

Jared alimfuata Keziah hadi nyuma ya kibanda cha kukamulia matufaha.

"Umeniokoa."

"Usiseme hivyo."

"Kezi, twende wote. Mashua ina nafasi. Kasisi yupo kambini, tutaoana wiki hii hii."

"Na baba yangu abaki na nani? Na uongo wake?"

"Basi nisubiri. Vita vikiisha nitakuja kukuposa upya, mbele ya kila mtu."

"Umevaa koti la nani?"

Jared alimvuta kwake akambusu, na Keziah hakumzuia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba hakumzuia, na kwamba hakutaka busu liishe. Alipomsukuma alikuwa amelishika lile koti la kijivu kwa ngumi, na ilibidi avifungue vidole vyake kimoja kimoja.

"Nenda," akasema. "Usirudi. Nakupenda, sikufichi, lakini ukirudi mlango huu nitaufunga mimi mwenyewe."

Chakula cha jioni kilikuwa mkate wa mahindi, kombe za ghubani za kuchemsha na kitambaa cheupe mezani. Jared alisema anakwenda kumwona mgonjwa shamba la jirani, na Silvanus akamsifu kwa hilo. Mzee alimmiminia binti yake kikombe cha pombe ya matufaha, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umenuna," akasema. "Bibi harusi hanuni."

"Nimechoka na moshi, baba."

"Sikiliza, mwanangu. Nilikuonea. Miaka miwili nimekuona unasokota kitani huku unaangalia barabara, nami nikajiambia itapita. Nilidhani moyo wa kijana haugeuki. Umegeuka, na mimi nilikosea. Nakuomba unisamehe."

Keziah alimeza mkate haukushuka. Angalimwambia pale pale. Lakini alimjua baba yake. Mzee angeinuka mezani, avuke ukumbi, agonge mlango wa sebule asahihishe neno lake, na farasi wa meja wangefika pwani kabla maji hayajajaa.

"Nimekusamehe, baba," akasema, na mzee akatabasamu, akachukua kipande kingine cha mkate.

Asubuhi Silvanus alikuwa anapangusa kofia yake ya ibada kwa mkono wa shati. Keziah alikuwa amevaa tayari, hajalala.

"Baba, keti."

Akamwambia yote, tangu magari kumi na saba mpaka mashua. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kofia magotini.

"Ulijua lini?"

"Jana. Kabla meja hajaja."

"Kwa hiyo nilipokuwa nasema pale, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Hakuna aliyeniuliza, baba." Lilipomtoka tu akaona aibu.

"Na mezani? Nilipokuomba msamaha?"

"Nilikuwa nasubiri avuke. Niliogopa utakwenda kwa meja."

Silvanus alionekana mdogo ndani ya nguo zake za Jumapili.

"Ulidhani ningemtia mtu kitanzini."

"Sikujua, baba."

"Miaka ishirini na mitatu unakula mezani kwangu, na hukujua." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. "Na ubaya wake ni kwamba hata mimi sijui. Nimejiuliza hapa hapa ningefanya nini, na sijui. Ungeniambia jana ningejua mimi ni mtu wa namna gani. Sasa sitajua tena."

Akavaa kofia, akainuka. Hakwenda mlango wa nje. Alielekea ukumbini, kwenye mlango wa sebule.

"Baba! Ameshavuka! Haisaidii kitu tena!"

"Kwake haisaidii wala haidhuru. Neno ni langu."

"Watakupeleka gerezani mjini. Watu wanakufa mle kwa homa."

"Nimesikia."

Akagonga mlango wa sebule yake mwenyewe kama mgeni, akaingia. Keziah alibaki nje, paji la uso limegusa ubao.

"Rupert Lyndon, jana nilikupa neno. Halikuwa kweli. Kijana yule ni mtu wa jenerali wao bado, naye ameondoka."

Kiti kilisukumwa nyuma. Meja hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi.

"Ulijua?"

"Sikujua. Nimejua sasa hivi."

"Nani amekuambia?"

Kimya. Keziah alikulia ndani ya vimya vya baba yake, lakini hiki hakukijua. Mzee alikuwa anatafuta neno ambalo ni la kweli na ambalo halimgusi binti yake, na neno la namna hiyo halikuwepo.

"Silvanus, nakuuliza kwa upole mara ya mwisho. Katika nyumba hii, nani alikuwa anajua?"

Keziah akausukuma mlango. Baba yake akageuka akamwona, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamtikisia binti yake kichwa, polepole, akimwomba asiseme kweli.

"Mimi," Keziah akasema. "Mimi nilijua, Rupert Lyndon."